Firigisi Moja, Mafundi Watatu

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana vyerehani vilikuwepo na simu zilikuwepo, palikuwa na mafundi wanne walioshona kwenye baraza moja huko milimani Upare. Mama Eliapenda alikata vitambaa. Mchome alishona. Namsi alipiga pasi. Nakijwa, mjane mwenye binti mmoja, alitia vifungo.

Wote waliacha shule mapema, na wote walitaka kurudia mtihani wa Kiingereza. Basi wakajifunza maneno magumu kwa mpangilio uleule wa kazi yao. Eliapenda alilikata neno: alifungua kamusi akasoma maana. Mchome alilishona: alilitungia sentensi. Namsi alilipiga pasi: alikuuliza popote alipokukuta, na ukikosa alikucheka mpaka ukatamani kujificha chini ya meza.

Uvimbe ukamtokea Nakijwa kwenye titi. Hakumwambia mtu. Eliapenda alimwona tu akijishika kifuani mara kwa mara, akanyamaza naye. Ila tangu siku hiyo, maneno aliyoyakata yakawa ya hospitali.

"Leo tuna benign," alisema. "Ni uvimbe usio na hatari, usioenea mwilini."

Mchome, asiyejua lolote, akacheka. Akatunga kwa Kiingereza chake: uvimbe wa bibi ulikuwa benign, kwa hiyo bibi alirudi nyumbani akamkaripia babu.

Kisha Namsi akashika pasi yake. Alimuuliza Nakijwa bombani, akamuuliza sokoni, akamuuliza hata msibani wakiosha vyombo. "Mama Vifungo, benign ni nini? Hujui? Kichwa chako kina matundu mengi na kifungo hata kimoja hamna!" Waombolezaji wakacheka. Nakijwa alilia siku ile, na nusura aache masomo.

Hatimaye akaenda hospitali. Wakachukua nyama kidogo ikapimwe, wakamwambia arudi Jumatano. Yeye alikwisha kujihukumu. Akamwita wifi yake, Nakundwa, aliyeishi mbali. "Wifi, mchukue mtoto. Mlee kama wako."

"Nitamlea, wifi yangu. Jumatano tunaondoka na basi la saa sita."

Na kwa wakwe zake Nakijwa, mtoto akishaondoka kijijini na mzigo wake, amekabidhiwa. Kumdai tena ni kusema aliyempokea ameshindwa kumlea, na udugu huvunjika hapo.

Jumatano ikafika. Daktari alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, na muuguzi aliyemtafsiria alikuwa ameitwa wodi ya wazazi. Daktari akasoma majibu, akasema haraka haraka. Maneno yakampita Nakijwa kama watu wanaowahi sokoni. Moja likasimama: benign.

Akaitafuta maana yake. Haikuwepo. Akahisi joto la aibu ya msibani, na ndani ya joto lile akamwona bibi, anamkaripia babu. Bibi amerudi nyumbani!

"Benign?" akauliza.

"Benign," daktari akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Hapo maana nayo ikarudi, nzima. Nakijwa akampigia Nakundwa simu. "Wifi, mtoto kapanda?"

"Ameshakaa dirishani. Dereva anapiga honi."

"Mshushe! Mshushe wifi, mimi nipo!"

Muuguzi aliporudi kuthibitisha, basi lilikuwa limeshaondoka, na mtoto alikuwa stendi amekalia mzigo wake, anakula muwa.

Jioni Nakijwa akachinja kuku, akawaita mafundi wenzake, akawasimulia yote. Na kuku ana firigisi moja tu. Kwao, firigisi haigawanywi. Huwekewa mtu anayeheshimiwa kuliko wote pale.

Mchome akasogeza sahani. "Lete, dada. Umesema mwenyewe, maana ilikutoroka, bibi yangu akabaki."

"Bibi yako alizaliwa na mzaha," Eliapenda akasema. "Mimi nilimwona mwenzangu anaumia, nikamtafutia neno. Na bila maana yangu, huyo bibi angekuwa anamfokea babu tu, asimfae mtu."

Namsi hakusogeza sahani. "Mimi nilimliza, sikatai. Lakini mangapi mliyakata na kuyashona yakapotea? Hili lilishika."

"Ulinifedhehesha mbele ya wafiwa, Namsi."

"Nilikufedhehesha, na nisamehe. Ila niambie kweli, bila hivyo ungelikumbuka?"

Nakijwa akaichota firigisi kwa upawa. Mtoto, mdomo umejaa paja la kuku, akamvuta kanga. "Mama, mpe mtu, inapoa."

Wote wakacheka, hata Namsi. Nami nimemsikiliza kila mmoja, na kila anayesema namwona ana haki mpaka mwenzake anapoanza. Firigisi ingali kwenye upawa, mchuzi unadondoka. Ninyi mnaosikiliza, mngeiweka kwenye sahani ya nani?