Ruhusa ya Sikudhani

Alikuwapo Sikudhani, mpasua mbao, ambaye msumeno wa tajiri Mwakipesile ulimkata vidole viwili. Alipodai fidia, tajiri alimkana mchana kweupe.

"Mkataba uko wapi? Mimi sikujui!"

Mkataba hakuwa nao. Kiwandani pale hakuna aliyewahi kupewa. Majirani wakamsihi atafute wakili. Sikudhani akalipima neno hilo siku mbili, kisha akarudi kwa tajiri, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa mvua.

"Bosi, naomba ruhusa ya siku tatu. Nakwenda mjini kutafuta wakili."

Mwakipesile akacheka. Kunyima watu ruhusa ndiyo ilikuwa starehe yake.

"Hupati!"

"Basi niandikie, bosi. Na sababu uitaje, wenzangu wasije wakakusumbua."

Akaandika kwa mbwembwe: "Mfanyakazi wangu Sikudhani amenyimwa ruhusa. Kukatwa vidole na msumeno wetu si sababu ya kutoroka kazi." Akagonga muhuri hadi meza ikatikisika.

Sikudhani akaisoma barua, akaikunja, akaitia kifuani.

"Ahsante, bosi. Wakili simtafuti tena. Kazi niliyotaka kumpa umeshaifanya wewe."