Mtoto Aliyebatizwa Bila Jina

Sogeeni, na mwenye usingizi akae mlangoni. Huko Rungwe, kwenye mashamba ya chai, walikuwapo majirani watatu. Mama Lugano, wa Kanisa la Moraviani, hakuchanganyikiwa na jambo lolote. Tabitha, mlokole, alikuwa na miguu isiyochoka na sala ya kuamsha majogoo. Gaudensia, Mkatoliki, alikuwa na mkono wa kutoa. Wiki nzima walichuma chai pamoja. Ikifika Jumapili, kila mmoja akaenda kanisani kwake, akiwasikitikia wenzake wawili.

Jirani yao Sekela, ambaye yeye na mumewe hawakuwa na kanisa, alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto hakulia. Sekela, hoi kitandani, aliweza kutazama tu.

Mama Lugano alichota maji, akambatiza mtoto kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, asije akafa hivihivi. Baridi ya maji ikamshtua mtoto, akalia. Ila kwa haraka, mama wa watu akasahau kumpa jina.

Tabitha alimfunga kifuani, akapanda mlima hadi zahanati huku akiomba kwa sauti. Muuguzi alisema angechelewa kidogo tu, wangemzika mtoto.

Gaudensia, aliyekuwa ananyonyesha, alimpa mtoto ziwa lake, maana la Sekela lilikuwa kavu. Mwanawe mwenyewe akangoja zamu.

Mtoto akanenepa. Ikabaki jina, na kijijini kwao ampaye mtoto jina ndiye amleaye katika kanisa lake.

"Nilimbatiza mimi, jina likose kuwa langu?" alisema Mama Lugano.

"Ubatizo wako tunaukubali, dada. Kwetu haurudiwi," alisema Gaudensia. "Lakini kanyonya kwangu, alelewe kwetu."

"Hapo alinawishwa uso tu," alisema Tabitha. "Akikua akaamini, atazamishwa mtoni. Mimi Mungu alinisikia njiani."

"Na sisi alituzibia masikio?" aliuliza Gaudensia, wakacheka wote.

Sekela naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Aliwapenda watatu hao. Aliogopa kwamba akimkabidhi mtoto kwa mmoja, atakuwa amewaambia wawili kuwa siku ile Mungu hakuwa kwao.

Jumapili wakaja wote, wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja amenyoosha mikono. Sekela akamnyanyua mtoto, akasita.

Msiniambie akue achague mwenyewe. Jina linatakiwa leo. Wala msiseme apewe majina matatu. Makanisa ni matatu, mtoto ni mmoja. Haya, wewe ungemkabidhi nani?