Tuletee Aliyeshindwa

Hakimu mmoja alikuwa na tamaa moja tu maishani, nayo ni kuwa jaji. Jina lake Ndelwa. Alihukumu katika mji mdogo wa nyanda za juu, mahali pa viazi, mbao na ukungu wa asubuhi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba alipokea kitu chini ya meza, na ni vizuri jambo hili lisemwe mapema, maana wasikilizaji wa visa vya mahakimu hupenda kuanza na rushwa. Ndelwa hakula rushwa. Aliijua sheria, akaifuata, na hukumu zake zilipokatiwa rufaa hazikutenguliwa.

Katika mahakama ile hukumu iliandikwa na kusomwa kwa lugha ya sheria, lugha iliyotoka mbali, ambayo mkulima wa viazi haijui. Ndelwa alisoma ukurasa baada ya ukurasa kwa sauti nzuri, macho yake kwenye karatasi. Akimaliza alifunga jalada na kutoka kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo karani aliposimama kumfasiria aliyeshindwa, na tafsiri yake haikuzidi pumzi moja. Umeshindwa. Ukitaka, kata rufaa. Kesi inayofuata! Hakuna aliyeona kasoro. Ndelwa aliikuta desturi hiyo, akaiacha ilivyo.

Mwaka mmoja nchi ikatangaza nafasi za majaji. Nafasi zilikuwa chache na waombaji walikuwa utitiri: mahakimu, mawakili, walimu wa sheria wa vyuo vikuu, kila mmoja na vyeti vyake na mjomba wake. Ndelwa hakuwa na mjomba. Tena umri ulikuwa unamtupa mkono, kwa maana mwaka ule akikosa asingeruhusiwa kuomba tena. Akapeleka maombi, akaitwa. Wengi wakachujwa, yeye akabaki. Mkewe alianza kuulizia nyumba za kupanga katika mji mkuu, naye akamkataza, kisha akamuuliza zilikuwa za bei gani.

Tume iliyowasaili waombaji ilikuwa na utaratibu wake. Kila aliyebaki alitakiwa kuleta watu waliowahi kusimama mbele yake mahakamani, waseme wanamjuaje. Ndelwa hakuhangaika. Alimchukua Sanga, mfanyabiashara wa mbao, ambaye alirudishiwa shehena yake iliyoporwa. Alimchukua mchungaji ambaye kanisa lake lilishinda kesi ya kiwanja. Alimchukua na katibu wa ushirika wa chai. Wote watatu walikubali kabla hajamaliza kuomba. Walisafiri naye hadi mji mkuu wamevaa suti, wakimtania njiani na kumwita Mheshimiwa Jaji.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu, mwanamke mkavu wa uso, asiyecheka wala kununa. Akawauliza mashahidi mmoja mmoja.

"Mheshimiwa Ndelwa ni mtu wetu," alisema Sanga kwa furaha. "Hajawahi kutuangusha."

Mchungaji akasema kwamba Wakristo wake wanamwombea kila Jumapili tangu siku ile ya kiwanja. Katibu wa ushirika akasema kwamba kwa hakimu huyu, mtu wa chai analala usingizi. Walisema kwa moyo safi kabisa, na kila neno lilimshusha Ndelwa kwenye kiti chake. Alitaka kusimama aseme kwamba Sanga alishinda kwa sababu mbao zilikuwa zake, si kwa sababu ni Sanga. Lakini mwombaji hasimami mpaka aulizwe.

Mwenyekiti akavua miwani. "Hawa wote walishinda," akasema. "Tuletee aliyeshindwa. Kikao chetu kinafungwa keshokutwa jioni."

Ndelwa akashukuru, akatoka. Pale ukumbini alijaribu kukumbuka uso wa mtu mmoja aliyewahi kushindwa mbele yake. Alikumbuka kesi. Alikumbuka vifungu vya sheria na majina ya mawakili. Uso haukuja hata mmoja. Hapo aliogopa, na hofu ile haikuwa ya kukosa cheo peke yake, ingawa kwa wakati ule alidhani ni hiyo tu.

Akarudi nyumbani usiku huohuo, na kulipokucha akaanza kuwatafuta. Wa kwanza alikuwa amehama wilaya. Wa pili aliliona gari la hakimu likikunja kona, akajitosa kwenye mahindi na hakuonekana tena. Wa tatu alimkaribisha, akamsikiliza, akamwambia kwa adabu zote kwamba yeye na mahakama wameshaachana. Jioni ikamkuta Ndelwa hana mtu. Karani wake akakuna kichwa, akamkumbusha mwanamke mmoja wa bondeni, Tusekile, aliyeshindwa kesi ya bustani na jirani yake Mwaipaja. Huyo, karani alisema, hakulia wala hakutukana mtu. Aliondoka kimya.

Asubuhi ya siku ya mwisho Ndelwa akateremka bondeni. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: akiondoka na mwanamke huyo kabla ya adhuhuri, wangefika mbele ya Tume jua likiwa bado juu. Alimkuta Tusekile uani akimenya viazi. Mwanamke alipomtambua alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akamletea kigoda.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Keti, tafadhali. Hapa ni kwako."

Hakuketi. Ndelwa akaanza maneno aliyoyapanga njiani, ya utumishi, ya haki na ya taifa, huku mwanamke akimsikiliza amesimama wima, mikono nyuma. Ilikuwa vigumu kumwomba mtu aliyesimama namna ile. Akakatiza hotuba yake, akamwomba tena aketi.

"Niache tu nisimame, Mheshimiwa," Tusekile alisema. "Siku ile nilikaa wakati wengine wamesimama. Magoti yalikuwa yananiuma. Nikajua ndiyo maana nimeshindwa."

Ndelwa hakuelewa, akamwomba arudie. Mwanamke akarudia, bila lawama, akieleza jambo ambalo kwake lilikuwa limekwisha zamani. Hakimu aliingia, watu wakasimama, yeye magoti yakamkatalia akachelewa kunyanyuka. Kisha hakimu akasoma, akasoma, akasoma. Karani akasema umeshindwa. Ingekuwa kosa gani jingine? Bustani alikuwa ameilima tangu usichana wake, na kabla yake aliilima baba yake. Tangu siku ile hakuketi mbele ya mtu wa serikali, awe bwana shamba, awe mtendaji wa kijiji, hata wale wa chanjo ya kuku. Na Mwaipaja hamsalimii. Watoto wa nyumba hizo mbili huchota maji kwa zamu, ili wasikutane kisimani.

Kwa mara ya kwanza Ndelwa aliona haya juu ya hukumu ambayo ilikuwa sahihi. Alitazama saa yake. Muda wa kuomba ulikuwepo, hata wa kubembeleza kidogo, na mwanamke huyu asingekataa. Mtu anayeogopa kuketi mbele ya bwana shamba angekataaje kupanda gari la hakimu? Angekuja. Angesimama mbele ya Tume, mikono nyuma, na kusema lolote analodhani linatakiwa. Ndelwa aliliona hilo waziwazi, akaiacha hotuba yake.

Basi akasema, "Mama, hukushindwa kwa sababu ya kukaa. Ngoja nikwambie hukumu ilisemaje."

Akaanza kumweleza kwa Kiswahili cha sokoni, na haikuwa rahisi. Mara nyingi alikwama, akatafuta neno, akarudi nyuma. Alimwambia kwamba bustani ile ilikuwa ya baba yake Mwaipaja, ambaye alimwazimisha baba yake Tusekile mwaka yeye mwenyewe alipokwenda kufanya kazi migodini. Kitu cha kuazimwa, alisema, hakigeuki kuwa chako kwa sababu umekaa nacho muda mrefu. Tusekile akauliza, nani kasema aliazimwa? Ndelwa akajibu kwamba alisema shahidi wa Tusekile mwenyewe, baba yake mdogo. Aliulizwa mahakamani, Tusekile akisikia, akasema kweli, ila hakuna aliyemweleza Tusekile uzito wa maneno yale. Alisema kila mavuno kikapu kimoja kilipelekwa kwa kina Mwaipaja, kuonyesha kwamba mwenye bustani hajasahauliwa.

Mwanamke akauliza swali jingine, na jingine. Mbona alipanda miti? Mbona hakuna aliyemzuia miaka yote? Ndelwa alijibu kila swali, na pale sheria ilipokuwa ngumu alikiri kwamba ni ngumu. Adhuhuri ikafika. Simu ikaita mfukoni, akajua ni mkewe au ni mtu wa Tume, akaizima bila kuitazama. Iliuma. Alikuwa mtu mwenye tamaa yake, na tamaa haifi kwa sababu mtu ametenda vizuri. Jua likavuka utosi, likaanza kuteremka upande wa pili wa bonde.

"Kikapu nilikibeba mimi," Tusekile alisema mwishowe. Alisema polepole, macho yake kwenye viazi alivyoviacha kwenye beseni. "Nilikuwa mdogo. Baba alikuwa akisema, wapelekee kina Mwaipaja, wasalimie. Nikadhani ni salamu tu. Baba alipofariki nikaacha kupeleka."

Akavuta kigoda cha pili, akaketi. Mikono aliiweka mapajani. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Basi," akasema, "leo ndiyo nimeshindwa."

Ndelwa alikuwa bado hajamwambia kilichomleta. Mwanamke akamuuliza, maana mgeni hateremki bondeni bure. Akamjibu kwamba alikuja kwa ajili ya hukumu ile, na hakuongeza neno. Alipanda gari akarudi mjini taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Saa ile Tume ilikuwa imekwisha kufunga kikao.

Kiti kilikwenda kwa mwombaji mwingine, mtu mzuri tu, hakimu wa mkoa wa jirani. Mke wa Ndelwa hakusema naye kutwa nzima, na alipoanza kusema, Ndelwa alitamani kile kimya kirudi. Sanga alikuja kumpa pole, akaahidi kwamba watu wa mbao hawatamsahau. Ndelwa akamshukuru, akamwomba wamsahau.

Bondeni, yasemekana, Tusekile alimpelekea Mwaipaja kikapu cha viazi, na Mwaipaja hakujua aseme nini, akamwambia karibu. Bustani haikurudi, na haikupaswa kurudi. Zamu za kisimani zilikoma zenyewe.

Ndelwa aliendelea kuwa hakimu mpaka alipostaafu. Hukumu alizisoma kwa lugha ya sheria, kwa kuwa ndivyo alivyotakiwa, lakini hakutoka tena kwa mlango wa nyuma. Alimwambia karani akae, akamgeukia aliyeshindwa, akamweleza yeye mwenyewe, akamngoja aulize. Wengine walimtukana, na wengine waliuliza swali lilelile mpaka mchana. Kesi zikawa zinakwenda polepole, wakubwa wake wakalalamika, na katika taarifa zao akaitwa mzito. Hakupandishwa cheo tena. Kuna waliomcheka kwamba alifukuza ujaji kwa mikono yake mwenyewe, naye hakubishana nao, maana kwa upande mmoja walikuwa wanasema kweli.

Nanyi mnaonisikiliza, msijiambie kwamba hiki ni kisa cha mahakimu. Baba anahukumu mezani, msimamizi anahukumu kazini, mzee wa kanisa anahukumu kikaoni, na kila mmoja wetu anao mlango wake wa nyuma. Tukiitwa siku moja kuulizwa tulihukumu namna gani, hatutakosa wa kutusifu. Basi niambie: ni nani aliyeshindwa mbele yako, na je, anajua ni kwa nini?