Damu Yenye Jina la Mwenzake

Wapendwa, kulikuwa na mwanamke mmoja, mpimaji wa maabara, hodari wa kazi ila ana kijicho. Kilichomchoma roho ni mwenzake wa meza ya pili. Mkuu wao akiingia, salamu ya kwanza kwa huyo, sifa kwa huyo, hata chai akiipika huyo ilisifiwa.

Siku moja mkuu alitaka damu ya mtu mwenye afya, wagonjwa wapimwe kwa kulinganishwa nayo. Wote wawili wakajitolea. Mnazijua zile seli nyeupe, askari wa damu yetu? Huua vijidudu kwa sumu inayounguza kama moto. Basi Mungu ameziwekea humo humo vimeng'enya vya kuuzima, zisije zikaungua zenyewe. Hivyo ndivyo vilivyopimwa.

Mwanamke yule hakungoja majibu. Moyoni alishakata shauri kwamba damu nzuri ni ya mwenzake, maana kila kizuri kilikuwa cha mwenzake. Akabadilisha lebo za chupa zao mbili za damu. Kweli, chupa yenye jina lake ikashinda, akasifiwa mbele ya watu, na wiki nzima akatembea shingo juu.

Mwenzake akamjia, hana hili wala lile. "Dada, kumbe vimeng'enya vyangu ni hafifu. Kuna kidonge cha malaria nimekatazwa kabisa, maana bila vimeng'enya hivyo kitanivunja damu. Namshukuru Mungu nimejua mapema."

Mwezi haukuisha, malaria ikamwangusha yule mwenye wivu. Daktari akasoma majibu yake yaliyoandikwa, akaridhika, akampa kidonge kile kile. Kidonge mkono huu, maji mkono huu. Wewe ungemeza?

"Daktari, nipime upya."

"Wewe? Majibu yako ni mazuri kuliko ya wote hapa."

Akainamisha kichwa. "Si yangu. Ni ya mwenzangu, niliyaiba."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini siku ile aliokolewa na ulimi wake mwenyewe.

Mnacheka? Sisi tumebadilisha lebo ngapi? Tunanyakua sifa ya jirani, na onyo lililotumwa kwetu linabisha hodi mlangoni kwake. Moto wa wivu tunao tele. Cha kuuzima ni kukiri tu. Basi huyo uliyeketi naye benchi moja, ana kitu gani kinachokuunguza? Mgeukie sasa hivi, umwambie ni chake.