Mablanketi Yaliyotangulia Maji

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kuwa katika mji mmoja wa mashariki, kando ya mto mkubwa, aliishi mja mwema aitwaye Mundhir. Alikuwa mwingi wa sala na sadaka, na kazi aliyorithi kwa babaye ilikuwa kulitunza tuta la udongo lililouzuia mto usiingie mjini.

Mto ukijaa kupita kiasi, ada ilikuwa tuta litobolewe upande wa mtaa wa wafinyanzi, ili mitaa ya wakubwa ipone. Wafinyanzi wale walikuwa watu weusi, watoto wa watumwa walioachwa huru. Nyumba zao zilibomoka, wakazika watu wao, na wakubwa wakasikitika na kusema: ni kadari. Kadari! Sikieni maneno hayo, ndugu zangu. Na upande wa pili palikuwa na bonde lisilokaliwa na mtu, lina michungwa tu, mali ya Mundhir mwenyewe.

Mwaka mmoja mto ukajaa. Asubuhi Mundhir akaja na jembe begani, na nyuma yake punda wawili wamebeba mablanketi ya sadaka. Akamkuta Bi Rayhana, mfinyanzi mkongwe, ameketi juu ya tuta, pale pale pa kutobolea, anachambua mchele. Kesho yake alikuwa anamwoza mjukuu wake.

"Mama, inuka. Waambie watu wako wapande mlimani, maji yanakuja."

"Haya, mwanangu. Na punda hao wamebeba nini?"

"Mablanketi, mama. Yatawafaa mtakapolowa."

Bi kizee akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Ama kweli wewe ni walii! Maji hayajafika, mablanketi yamefika. Nani amekwambia watakaolowa ni sisi?"

"Ni kadari ya Mungu, mama."

"Mungu ndiye aliyeujaza mto, nimekubali, alhamdulillahi. Lakini hilo jembe, mwanangu, amelishika nani?"

Mundhir akaitazama mikono yake, haya ikamjaa, akalia. Miaka ishirini alikuwa akiwaombea rehema watu aliowazamisha mwenyewe! Akasema, "Astaghfirullah," akaenda upande wa bonde, akalitoboa tuta kwenye michungwa yake. Wakubwa wakaja mbio.

"Mundhir, una wazimu? Shamba la baba yako hilo!"

Akawajibu huku machozi yanamtoka na anacheka, "Michungwa haina watoto wa kuzika."

Jioni mto ukashuka, na hapakuanguka nyumba hata moja, si ya mkubwa wala ya mfinyanzi. Kesho yake, wallahi, harusi ilifana! Watu waliingia bondeni na makapu, wakavua samaki katikati ya michungwa, wakala mpaka wakasaza. Mablanketi ya sadaka yakatandikwa, wageni wakaketi. Mundhir akafika mwishoni, ametoka kuziba tuta, amelowa chapachapa. Bi Rayhana akachukua blanketi moja, akamfunika mabegani.

"Jifunike, mwanangu. Safari hii umelowa wewe."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Mundhir akacheka kuliko wote.

Basi, ewe msikilizaji, msiba ukiwashukia wenzako, waombee dua, ni vyema. Lakini kabla hujasema kadari, jitazame mkononi umeshika nini.