Ukuta Wenye Sisimizi

Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kike wa kupeleka shule, na shule tatu za serikali za kumpeleka. Mama aliitwa Sikujua, mtoto Chausiku. Kila shule ilikuwa na darasa la awali, na zote zilifikika kwa miguu.

Ingekuwa shule moja tu, Sikujua angelala usingizi. Lakini kaka yake Chausiku alipelekwa shule ya karibu bila kuangaliwa chochote, akamwogopa mwalimu, ikawa kila asubuhi anajificha uvunguni mwa kitanda. Mpaka leo kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Mama akaapa kwamba kwa huyu wa pili atatumia macho yake.

Basi akamshika mtoto mkono, wakaenda. Madarasa yale yalijengwa na madirisha ya juu, ili wanafunzi wasishinde wakichungulia nje. Kila walipofika, Sikujua alimwachia mtoto mkono, akashika nondo za dirisha, akasimama kwa ncha za vidole. Shule ya kwanza ilikuwa imechorwa twiga na herufi kuta nzima, lakini watoto walikuwa kimya mno. Ya pili walihesabu kwa sauti moja hadi bati likatetemeka. Mwalimu alipomsimamisha mmoja ahesabu peke yake, yule mtoto akaangua kilio. Ya tatu mwalimu alikaa mkekani, watoto wakipanga vizibo vya soda na kucheka, na Sikujua hakuelewa kama yale ni masomo au ni mchezo.

Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Jirani mmoja akasifu michoro, mwingine akasifu sauti. Wa tatu, Bi Mwanamkuu, akamcheka: “Shule unazipekua kama doti za khanga! Chukua moja ujifunge, mwanangu.”

Jioni, kwa kukosa wa kumwuliza, akamwuliza mtoto.

“Mimi nataka ile yenye sisimizi,” akasema Chausiku.

Sikujua akajaribu kukumbuka. Sisimizi hakuwaona popote. “Na watoto wa huko, umewapenda?”

“Watoto gani, mama?”

Mama akajiona tena pale, mikono yake kwenye nondo, na mtoto chini yake, uso umeelekea ukutani. Kutwa nzima alimtembeza juani kuangalia shule, na mtoto hakuona hata moja.

Kesho yake wakatoka tena. Ipi ilikuwa nzuri, Sikujua bado hakujua, na njia nzima aliwaza asije akakosea mara ya pili. Lakini walipofika kwenye dirisha la kwanza aliinama, akambeba Chausiku begani, akamwacha atazame mpaka aridhike, ndipo na yeye akachungulia.

Nawe unayemchagulia mwenzako mahali pa kuishi siku zake, je, umemnyanyua aone, au umemwachia ukuta?