Sultani Aliyekubaliana na Kila Mtu

Alikuwako, katika nchi changa ya Zumaridi ambayo hata chokaa ya kuta zake ilikuwa haijakauka, sultani aitwaye Makungu bin Hafidhi, mtu mwema mwenye kitambi na pete. Na ndani ya pete alikaa jinni mtiifu, aliyebakiwa na amri tatu tu kabla ya kuwa huru.

Siku ya kuamua nchi iishi kwa kazi gani, Waziri Shaibu alipiga goti akasema, "Ewe maulana, taifa ni udongo. Jembe ndilo baba wa shibe." Sultani akaona ni kweli tupu, akasugua pete, na papo hapo karakhana zote za wahunzi zikageuka mashamba, na tanuri zikamea kunde.

Adhuhuri akaja Waziri Nadhiri, ndevu zikimtetemeka. "Maulana, taifa ni moto na chuma! Nani alipata kuogopwa kwa kunde?" Sultani akaona ni kweli tupu vilevile, akasugua, na mashamba yote yakawa tanuri, zikitema majembe mpaka yakaziba njia.

Ikabaki amri moja, na watu wenye njaa wamejaa mlangoni, na mawaziri wanavutana kanzu, na kichwa cha Sultani kinazunguka kama jiwe la kusagia.

Ndipo akaingia Bi Zuhuri, mjane mkulima, mpini begani.

"Nashika miguu, maulana. Asubuhi nilikuwa na shamba, jembe limevunjika, na mhunzi wangu karakhana yake imekuwa kunde. Sasa nina majembe elfu na pa kulima hapana. Nipike majembe?"

"Wallahi sijui, bibi. Kila asemaye naona amesema kweli."

"Wamesema nusu nusu. Kwetu mkulima huchonga mpini, mhunzi hutia jembe, na mavuno ya kwanza hupelekwa kwake. Hatujawahi kuulizana nani mkubwa."

Sultani akasugua pete. "Rudisha yote kama ulivyoyakuta asubuhi!" Jinni akatii, akatokomea bila hata kuaga.

Shaibu akaamriwa kuvukuta moto wa mhunzi, na Nadhiri kupalilia mtama, na baada ya mavuno mawili hazina ikafurika, na Sultani akaenda mwenyewe kwa Bi Zuhuri kuposa.

"Una hakika, maulana?"

"Hakika sina hata chembe. Ndiyo maana nakuposa."

Bi Zuhuri akacheka mpaka akakaa chini, akakubali. Wakaishi kwa raha na shibe. Nawe wenye hekima wawili wakikuvuta kanzu, muulize mwenye njaa.